Kuchonga Uso katika Mti: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mtu anayechonga uso kwa mara ya kwanza karibu kila mara huanza na macho. Huchora duru mbili juu ya ubao, huzichimba, kisha hutafuta mahali pa kuweka pua na mdomo, na mwishowe hubaki na kitu bapa kinachofanana na mchoro uliokwaruzwa kwa patasi. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa mjini Iringa, nikiamini kwamba kasoro ilikuwa katika mkono wangu au katika kisu, mpaka siku moja fundi seremala mzee, ambaye hakuwahi kuchonga sanamu lakini aliyajua mbao kwa undani, alipokigeuza kipande changu ubavu na kuniuliza: "Mwanangu, pua naiona nikiutazama uso huu kwa mbele, mbona nikiutazama kwa ubavu siioni?" Ni kweli haikuonekana, kwa sababu nilikuwa nimeichora pua, sikuwa nimeichonga.

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Uso haufanywi na mistari, unafanywa na miteremko. Anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana mfano mkubwa mbele yake: ukisimama ufukweni Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ukaitazama Safu ya Livingstone, hakuna mstari wowote uliochorwa mlimani, ila kuna upande uliopigwa na jua na upande ulio kivulini, na kwa tofauti hiyo peke yake unatambua wapi pana mgongo na wapi pana bonde. Pua ni mgongo, tundu la jicho ni bonde, shavu ni mteremko mrefu. Mchongaji anapanga kwanza miinuko na mabonde makubwa, na macho huja mwishoni kabisa.

Mti wa kuanzia

Wengi hudhani kwamba sanamu ya heshima lazima iwe ya mpingo, kwa kuwa sanamu za Wamakonde zinazouzwa mijini ni za mti huo. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba moyo wake huzama majini, na ugumu wake humrudisha nyuma anayeanza, kwa sababu humlazimisha kupigana na mti kabla hajajifunza kuutazama uso. Tena Wamakonde wenyewe, wanapochonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma, hutumia miti laini na myepesi. Basi hakuna aibu yoyote katika kuchonga mti laini.

Kwa upande wetu, mti ninaoupendekeza kuliko yote ni mjakaranda. Umejaa kandokando ya barabara na katika viwanja vya majengo ya zamani ya Iringa na Mbeya, mbao yake ni nyeupe inayoelekea umanjano, ni nyepesi, nyuzi zake zimetulia, na inakatika vizuri ikiwa mbichi na hata ikiwa kavu. Wachongaji wa Kenya wamekuwa wakiutumia kwa wingi badala ya miti migumu iliyoadimika. Usikate mti wa barabarani kwa mkono wako. Subiri matawi yanapopunguzwa, uwaombe wanaohusika, na mara nyingi watafurahi kukuachia gogo ambalo lingeishia kuwa kuni. Mti wa msitu wa hifadhi hauguswi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Baada ya mjakaranda ningeweka msaipresi, ule ambao wengi huujua kama mti wa Krismasi, kwa sababu mbao yake ina nyuzi laini zilizo sawa, ingawa mafundo yake ni mengi na magumu. Mgrevilia unafaa pia kwa uso mkubwa usio na urembo mwingi. Mparachichi, unaopatikana kila shamba kuanzia Rungwe hadi Njombe, huchongeka kwa ulaini ukiwa mbichi, lakini ukikauka hupinda na hupendwa na bungua, kwa hiyo ni wa kufanyia mazoezi tu. Paini ya Sao Hill, ambayo vipande vyake vimerundikana katika viwanda vya mbao Mafinga na hupatikana kwa bei ndogo au bure, huonekana kama zawadi, ila ina udanganyifu wake: kila mwaka mti huu huweka tabaka laini na tabaka gumu, na kisu huzama katika tabaka laini na kugoma katika lile gumu, hivyo kope au mdomo mwembamba hubomoka bila kosa lako. Itumie kujifunza miteremko mikubwa, usiitumie kujifunza macho. Mkaratusi uache kabisa, kwani nyuzi zake husokotana na hupasuka unapokauka.

Jambo la kukauka linahitaji uvumilivu. Mti unapopoteza maji hunywea, yaani husinyaa, na hunywea zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kwenye kiini, takribani mara mbili. Ndiyo maana gogo zima la mviringo, ambalo kiini chake kimo ndani, karibu lazima lipasuke kama mkate uliokatwa kipande. Pasua gogo katikati likiwa bado bichi, kisha ondoa kiini, yaani ile sehemu laini ya katikati kabisa, na chonga katika nusu iliyobaki. Paka ncha zote mbili nta au rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavu. Weka kivulini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini yake. Kipindi kibaya zaidi kwetu ni kuanzia Juni hadi Septemba, pale baridi kavu na upepo vinapokutana; gogo lililoachwa barazani Makambako au Njombe mwezi Julai linaweza kupasuka ndani ya siku chache. Kujua kama mti umekauka, upime kwa mizani kila wiki na uandike uzito wake ubavuni kwa penseli. Uzito ukikaa palepale kwa wiki kadhaa, mti uko tayari.

Ukipenda kuchonga mti mbichi, ambao ni laini zaidi, fanya hivyo, ila kila unapopumzika kifunike kipande kwa maranda yake mwenyewe ndani ya kiroba, na usikiache humo zaidi ya siku chache kabla ya kukikagua, kwani ukungu huota na kuacha madoa ya kijivu yasiyotoka.

Vifaa, na hasa makali yake

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kisu kifupi chenye ubapa usiozidi sentimita 5 na mpini wa kujaza kiganja; patasi bapa ya upana wa milimita 12 hivi; patasi mbili zenye makali yaliyopinda kama ukucha, moja ya milimita 10 na nyingine ya milimita 5; nyundo ya mti; msumeno; na penseli. Patasi bapa hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Zilizopinda ni adimu, na mimi zangu zilifuliwa na mhunzi kutokana na tupa kuukuu na kipande cha springi ya gari, kwa bei iliyokuwa chini kuliko za dukani. Ukimwagiza mhunzi, mpelekee mfano uliokatwa kwa boksi gumu, maana neno "iliyopinda" kila mtu hulielewa kivyake.

Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu butu inadai nguvu, na nguvu ikishazidi, mkono hauwezi tena kuisimamisha inapoteleza. Noa kwenye kinoo cha kukwaruza kwanza, kisha kwenye kinoo laini, ukishikilia mwinamo uleule wa nyuzi 20 hadi 25, hadi uhisi kwa kidole, upande wa nyuma wa makali, kiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja kwa urefu wote. Kiukingo hicho ni ushahidi kwamba umefika mwisho wa ubapa. Kiondoe kwa kusugua upande wa pili kidogo, kisha sugua pande zote mbili juu ya ngozi ya mkanda mkuukuu iliyogundishwa kwenye ubao. Patasi iliyopinda huzungushwa polepole inaponolewa ili kila sehemu ya ukingo ipate haki yake. Ukitumia mashine ya kunolea, chovya chuma majini kila baada ya sekunde chache, kwani kikigeuka buluu ugumu wake umekwisha na makali hayatadumu tena. Jaribu makali kwa kukata mti laini kukingama nyuzi: mkato ukibaki unang'aa, anza kazi, ukibaki na mikwaruzo meupe, rudi kwenye kinoo. Nami hurudi kwenye ngozi kila nusu saa bila kusubiri patasi ilalamike.

Kipande kinachochongwa kwa patasi lazima kishikwe na kitu kingine kisichokuwa mkono wako. Jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, ni bora. Usipokuwa nalo, funga kipande kwa skrubu mbili kupitia ubao mpana kutoka chini, kisha ubao huo uubane mezani. Mkono usioshika mpini ubaki nyuma ya makali siku zote, na kamwe usichonge juu ya paja. Ukikatwa, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kufunuafunua, na kama jeraha ni la kina au hukumbuki mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kupima uso kabla ya kuugusa mti

Vipo vipimo ambavyo wachoraji wa zamani walivikubali, na vinasaidia. Macho hayako juu ya kichwa kama tunavyodhani, yako nusu kabisa kati ya utosi na kidevu. Kutoka mwanzo wa nywele hadi kidevuni uso hugawanyika katika mafungu matatu yanayolingana: nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu. Mstari wa mdomo huangukia theluthi ya kwanza chini ya pua. Upana wa uso kwenye usawa wa macho hutosha macho matano, na kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Sikio huanza usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua.

Hata hivyo, vipimo hivi vingi vilipokelewa kutoka vitabu vilivyotazama nyuso za Ulaya, na hapo ndipo ninapomwomba anayeanza asivisujudie. Kitabu kitakuambia kwamba upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho. Chukua uzi, uombe ndugu au jirani akae karibu na dirisha, upime, na utaona katika nyuso nyingi za kwetu kwamba pua ni pana kuliko nafasi hiyo, midomo ni minene na imejitokeza mbele, na mgongo wa pua huanza chini zaidi. Ukichonga kwa kitabu peke yake utapata uso usiomfahamu, kisha utashindwa kueleza kwa nini haufanani na mtu yeyote wa mtaani kwako. Ukitaka kumpima mzee, mwamkie kwanza, mweleze unachofanya, na uombe ruhusa kabla hujamsogezea uzi usoni. Wangu wa kwanza alikubali mara moja, na akakaa kimya kwa saa nzima kwa utulivu ambao sijaupata tena.

Kabla ya mti, tumia jioni moja kuufinyanga uso huo kwa udongo. Wakisi wa Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa na kuuzwa mbali. Udongo mzuri wa namna hiyo, au hata wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, unatosha. Udongo huruhusu kuongeza ulichokosea, mti hauruhusu. Mteremko ambao kidole chako kimeshaufanya mara tatu katika udongo, patasi itautafuta yenyewe.

Kipande chenye pembe mbele

Sasa nifike kwenye mbinu yenyewe. Anayeanza asichonge uso kwenye upande bapa wa ubao. Achukue kipande cha mraba cha sentimita 5 kwa 5, urefu sentimita 15, nyuzi zikielekea juu na chini, na akishike ili pembe, wala si ubapa, imtazame. Pembe hiyo itakuwa mstari wa katikati wa uso: ncha ya pua imo ndani yake tayari, na mashavu mawili yameshaanza kurudi nyuma yenyewe kabla hata hujagusa kisu. Mshazari wa mraba huo ni takribani sentimita 7, nao ni upana unaolingana vema na uso wenye urefu wa sentimita 9. Mbinu hii peke yake huponya ubapa ulioniharibia miezi yangu ya mwanzo.

Kutoka juu ya kipande, chora mistari inayozunguka pande mbili zinazokutana kwenye pembe. Mstari wa kwanza uwe kwenye sentimita 2, hapo ndipo nywele zinapoanza. Wa pili kwenye 5, nyusi. Wa tatu kwenye 5.5, macho, wa nne kwenye 8, chini ya pua, wa tano kwenye 9, mdomo, wa sita kwenye 11, kidevu. Sentimita 4 zinazobaki ni shingo na mahali pa kushikia.

Anza na paji. Kati ya mstari wa nywele na wa nyusi, punguza pembe kwa kisu au patasi bapa mpaka ncha kali iwe mviringo mpana, ukiacha sehemu ya juu irudi nyuma kidogo kuliko ya chini. Kisha nenda kwenye mstari wa macho, ukate pembe kwa msumeno hadi kina cha milimita 8. Kutoka nyusi, shusha mkato mfupi wenye mwinamo mkali kuelekea ndani ya ufa huo. Kutoka chini, pandisha mkato mrefu wenye mwinamo wa taratibu, ambao utakuwa mgongo wa pua. Hapo utaona bonde la kwanza la uso limezaliwa.

Kwenye mstari wa chini ya pua, kata kwa msumeno kuingia ndani sentimita 1, kisha anza karibu na kidevu na upandishe mikato myembamba hadi ifike kwenye ufa na kuangukia hapo. Ufa huo ni ukuta wa kuzuia patasi isiendelee kwenye pua. Kosa linalovunja pua nyingi ni kuzungusha au kubetua patasi ndani ya ufa ili kung'oa kipande kilichokwama. Nyuzi za ncha ya pua ni fupi na hazina cha kushikilia, kwa hiyo hukatika mara moja. Kipande kikikwama, zidisha kina cha ufa, usikibetue.

Simama hapa, hata kama mkono unawasha kuendelea. Geuza kipande ubavu na ukitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Unapaswa kuona paji, bonde, pua, bonde la pili na kidevu, kama mtu anayepita nje. Ikiwa ubavu huu haujawa uso, hakuna jicho wala mdomo litakalouokoa baadaye, na ni rahisi kuzidisha kina sasa kuliko wakati wowote mwingine. Wengi, nami nilikuwamo, huogopa kuingia ndani. Mashimo ya macho yakionekana ya kina kupita kiasi, aghalabu ndipo yanapoanza kutosha.

Sasa pua ipate upana. Chora pembetatu ndefu: ncha yake kwenye bonde la macho, na kitako chake chini ya pua, upana kadiri ulivyopima kwa uzi, sentimita 1.8 hivi kwa uso wa ukubwa huu. Kata kufuata mistari ya pembeni kwa kina cha milimita 4, kisha ondoa mti wa mashavu kuelekea mikato hiyo, kidogo kidogo, kulia mara moja na kushoto mara moja. Kanuni hii ya kulia na kushoto ishike mpaka mwisho wa kazi: usimalize upande mmoja ukiwa hujaanza mwingine, kwa sababu macho yako yatauzoea upande uliokamilika na utalazimika kuubomoa kwa ajili ya mwenzake.

Kwa patasi iliyopinda ya milimita 10, chimba matundu ya macho chini ya nyusi, ukianzia karibu na pua na kutokea nje kuelekea kwenye panda za uso. Tundu hilo si duara, ni bonde lililolala, lenye kina karibu na pua na linalofifia pembeni. Acha katikati yake mti wa kutosha kwa mboni, yaani tufe zima la jicho. Katika hatua hii uso utaonekana kama wa mtu aliyefumba macho, na hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe.

Mdomo usiuwazie kama ufa. Pitisha ulimi wako juu ya meno: yamepangwa kwa upinde, na midomo imelala juu ya upinde huo. Kwa hiyo eneo lote kutoka chini ya pua hadi juu ya kidevu lichongwe kwanza liwe mviringo, kama ubavu wa chupa, pembe za mdomo zikiwa nyuma zaidi kuliko katikati. Kutoka kwenye kuta za pua, shusha mkunjo wa taratibu unaopita nje ya pembe za mdomo. Mkunjo huo ndio unaotenganisha shavu na mdomo, na kina chake kidogo tu kikiongezeka uso huzeeka kwa miaka ishirini. Ukitaka kuchonga babu au bibi, hapo ndipo pa kutilia mkazo, wala si kwenye mikunjo ya paji la uso.

Katika mikato yote hii, mti utakuambia uelekeo. Kata kila mara ukishuka, kutoka kilimani kwenda bondeni, kwa maana ukipanda kinyume, patasi huinyanyua ncha ya nyuzi na kuichana mbele ya makali. Ukisikia sauti ya kukwaruza badala ya kunong'ona, au ukaona uso wa mkato umekuwa kama manyoya, geuza upande wa kukata. Kwenye chini ya bonde, kama kwenye pembe ya jicho, miteremko miwili hukutana. Ikate yote miwili ikutane hapo, usijaribu kupitiliza upande wa pili.

Macho na mdomo

Fika hapa ukiwa umepumzika, ukiwa na kisu kilichonolewa upya. Fikiria jicho kama goroli iliyowekwa ndani ya bonde, halafu vigubiko viwili, yaani kope, vimefunikwa juu yake. Kwanza zungusha kile kilima ulichokiacha kiwe mviringo kwa pande zote, juu, chini na pembeni. Kisha chora tao la kigubiko cha juu na la cha chini kwa penseli, na kabla hujakata, weka kipande kwa umbali wa hatua tatu, ukitazame kwa mwanga unaotoka upande mmoja. Kata kufuata mistari kwa ncha ya kisu, kina cha milimita 1 tu, halafu punguza mboni ndani ya mikato hiyo ili vigubiko vibaki vimeinuka juu yake. Kigubiko cha juu hutokeza mbele kuliko cha chini. Ukivisawazisha, uso hubaki na mshangao usioutaka. Mboni iache bila tundu kwenye uso wa kwanza, kwa kuwa kivuli cha kigubiko kinatosha kuutia uhai.

Kwa mdomo, kata mstari wa kati kwanza, ukiinuka kidogo katikati na kushuka pande zote mbili kama upinde wa mshale. Mdomo wa juu hutazama chini, hivyo huwa kivulini; wa chini hutazama juu na hupokea mwanga. Chini ya mdomo wa chini weka bonde dogo kwa patasi ya milimita 5 ndipo kidevu kijitokeze. Masikio na nywele huja mwisho, na kwa uso wa kwanza inatosha kuyaonyesha masikio kwa umbo na kuziacha nywele ziwe mikato mifupi ya patasi ndogo.

Kuna vipimo viwili vya kujisahihisha ambavyo navitumia kila siku. Tazama uso ndani ya kioo: upande ulioinama, ambao jicho lako limeshauzoea, utajitokeza mara moja. Kisha ugeuze kichwa chini miguu juu na ulinganishe kulia na kushoto kama maumbo matupu. Pua ikivunjika na kipande ukakipata, kirudishe kwa gundi ya mbao na ukifunge kwa uzi hadi kesho yake. Kikipotea, usitupe kazi, kwani nyuma ya uso kuna mti mwingi, na unaweza kurudisha uso wote nyuma kwa milimita nne au tano, ukianza tena na paji.

Kumalizia

Ushauri wangu ni kuuacha uso na alama za kisu, ikiwa mikato ni safi. Msasa hulainisha kila kitu kwa kiwango kimoja, na pembe ndogo zinazotenganisha mteremko na mteremko, ambazo ndizo zilizokugharimu siku nzima, hupotea chini yake. Ukiamua kuutumia, anza na namba 120, kisha 180 na 240, ukifuata nyuzi, na uwe na uhakika kwamba hutachonga tena, maana chembe za msasa hubaki ndani ya mti na huharibu makali. Funika pua na mdomo kwa barakoa wakati huo.

Mafuta ya kupikia, hata ya alizeti yanayokamuliwa kwetu, yasitumike, kwa sababu hayakauki vizuri na hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Tumia mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Mufindi na Chunya wanayo: sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, kwa uzito. Weka chombo chenye mchanganyiko ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke, wala usikiweke moja kwa moja juu ya moto. Paka kwa kitambaa, ingiza kwenye mabonde kwa brashi ndogo, acha usiku mmoja, kisha ng'arisha kwa brashi safi ya viatu. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kapuni, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Kitandaze nje juu ya jiwe hadi kikakamae.

Uweke uso huo mbali na jiko la mkaa na mbali na dirisha la jua la mchana, hasa katika miezi ya Julai na Agosti ya mwaka wake wa kwanza. Ukaguzi ufanyike kila wiki mbili, kwa kuangalia upande wa nyuma na chini ya shingo, ambako ufa huanza. Ufa mwembamba kama uzi usiuzibe haraka, kwa sababu mvua za Desemba huufunga wenyewe mara nyingi. Ule utakaobaki wazi hadi Februari ndio wa kujaza kwa nta iliyochanganywa na vumbi la mti uleule.